Jinsi Fanaka Alivyoondolewa Ofisini

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Na ikiwa ipo, si hiyo unayoifikiria wewe. Na ikiwa ndiyo hiyo hiyo, basi siku mambo haya yanatokea mimi nilikuwa naumwa malaria, nimejifunika blanketi, muulizeni mke wangu. Baada ya kusema hayo, nitawaeleza kila kitu kama nilivyokiona kwa macho yangu mawili, nikiwa nimesimama mbele kabisa, kipaza sauti mkononi.

Mimi naitwa Zuberi Mpunga, MC wa Taifa. Katika nchi hiyo isiyokuwepo hakuna kitu kinachoanza kazi mpaka kizinduliwe, na hakuna uzinduzi bila MC. Nimezindua madaraja. Nimezindua choo cha stendi. Nimezindua shimo lililokuwa liwe kisima, na mpaka leo ni shimo zuri sana, linafagiliwa kila asubuhi. Mimi ndiye ninayesema "itifaki imezingatiwa", halafu nawataja wakubwa wote mmoja mmoja ili kuthibitisha kwamba kweli imezingatiwa. Mara nyingine nikimaliza kuwataja, watu wameshakula na kunawa. Mtu asiseme hiyo ni kupoteza muda. Muda upo mwingi, wakubwa ndio wachache.

Sasa tuje kwenye Ofisi ya Vyeti.

Ofisi hiyo ina kompyuta moja. Usinune, moja inatosha, kwa sababu inatumiwa na nchi nzima. Hiyo kompyuta ndiyo inayochapa vyeti vya ndoa, na kwa sheria ya huko cheti hutangulia, harusi hufuata. Bila cheti shehe hafungui kinywa, padri hafungui kitabu, na mpishi hawashi moto.

Mkurugenzi wa ofisi alikuwa Bwana Mtengeti, mtu mpole mwenye kitambi cha heshima. Bwana Mtengeti alikuwa na hamu moja tu maishani, alitaka samaki. Aliwaona kwa rafiki yake wa idara nyingine: ukiiacha kompyuta muda mrefu bila kuigusa, samaki wa rangi wanaanza kuogelea kwenye kioo. Kwa kuwa kompyuta ya Bwana Mtengeti ilikuwa inakaa muda mrefu sana bila kuguswa, aliona samaki ni haki yake kama mtumishi wa umma. Akaingia mtandaoni, akawatafuta, akawapata bure.

Kabla ya kuwashusha, kompyuta ikamwekea maandishi marefu mpaka chini, na mwisho wake kitufe kimeandikwa NAKUBALI. Bwana Mtengeti ni mtu wa vikao. Amekubali mambo mengi bila kuyasoma, na ndiyo maana amepanda vyeo. Akakubali. Yakaja maandishi mengine, akakubali. Yakaja mengine tena, akakubali huku anamenya karanga. Samaki wakashuka.

Kesho yake asubuhi akawakuta wanaogelea vizuri kabisa. Ila kwenye kona ya chini, upande wa kulia, palikuwa na kiuso cha duara kimevaa tai, kinatabasamu. Pembeni pameandikwa: "Habari njema! Mimi ni Fanaka. Nimeshafika."

Bwana Mtengeti hakuuliza kitu. Katika nchi hiyo, ukikuta ofisini kuna sura mpya, imevaa tai, inatabasamu na haina kazi inayoeleweka, huulizi imetoka wapi. Imetoka juu. Akaandika barua kwenda juu kushukuru.

Huko juu yuko Waziri wa Ndoa, Vizazi na Mengineyo, Mheshimiwa Sangwene. Mheshimiwa alishangaa kushukuriwa kwa jambo ambalo hakulifanya, kisha akakumbuka kwamba ndivyo anavyoshukuriwa siku zote. Akaagiza uzinduzi.

* * *

Uzinduzi ulifana. Mahema, mapambo, kwaya, wacheza sarakasi, na mimi. Nilipomaliza itifaki, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa hema na wageni walishahama nalo.

Mheshimiwa Sangwene akasimama. "Ndugu wananchi," akasema, "wapo waliosema hatuwezi. Wapo waliosema hatutafika. Leo nauliza, nani amefika? Fanaka amefika. Hatukumwita. Hatukumtumia nauli. Amekuja mwenyewe. Niambieni, ni nchi ngapi duniani zinazofuatwa na maendeleo mpaka mezani?"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Utepe ulikuwa umezungushwa kwenye kompyuta. Mheshimiwa akaukata kwa mkasi mkubwa, akakata na waya wa kipanya uliokuwa nyuma yake. Kipanya kikafa pale pale, nacho tukakipigia makofi.

Baada ya hapo mambo ya Fanaka yakaenda kasi. Ikafanyika tathmini ya watumishi, na wakaguzi wakaandika kwamba katika ofisi nzima ni mtumishi mmoja tu anayekutwa mahali pake kila asubuhi. Haombi ruhusa ya msiba. Haendi kunywa chai akapotelea huko. Ukimsemesha anatabasamu. Hawakuwa na la kufanya ila kumteua Mkurugenzi Mkuu. Bwana Mtengeti akawa Kaimu, akahamishiwa kiti cha pembeni chenye mguu mmoja mfupi, na akasema amelipokea jambo hilo kwa mikono miwili.

Kulikuwa na kasoro moja tu, nayo ni kazi ya Fanaka. Alikuwa anasaidia bila kuombwa. Ukianza kuandika neno, yeye analimalizia, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa jina lake. Mwanzoni alijiandika kwenye vyeti kama shahidi. Watu wakaona sawa, shahidi ni shahidi. Kisha akajiandika kama mfungisha ndoa. Watu wakadhani ni utaratibu mpya, wakanyamaza, maana huko utaratibu mpya haujadiliwi mpaka uwe wa zamani. Halafu akaja Chausiku.

* * *

Chausiku Lugendo anauza mayai kwa jumla sokoni. Ana sauti ambayo akiitoa kumwita mteja wa ng'ambo, kuku kwenye matenga wanainama. Mchumba wake ni Kibwana Mkwizu, fundi baiskeli, mtu mpole kupita kiasi. Ukimwambia mvua inanyesha atasema sawa. Ukimwambia hainyeshi, sawa pia.

Walipendana, hawa. Mimi nimesherehesha harusi nyingi, nawajua wanaopendana na nawajua waliokodi suti tu. Kibwana akimwona Chausiku anakuja, anasahau anachofanya, anakaa na gurudumu mkononi kama mtu aliyeambiwa ashike mtoto wa watu. Na Chausiku, pamoja na ile sauti yote, akiongea na Kibwana anaongea taratibu.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Mchele umeshachambuliwa, ukumbi umeshapambwa, na mashangazi wameshawasili na kugawana vitanda. Mkubwa wao, Shangazi Tausi, alisema kabla hata ya kuvua viatu: "Mwanangu, hii ni mara ya tatu natoka kwangu kuja kwenye harusi yako. Ya kwanza ikaahirishwa kwa mafuriko. Ya pili ikaahirishwa kwa kura za maoni. Hii ikiahirishwa, nabeba begi langu na sirudi. Utajisindikiza mwenyewe." Na bibi harusi asiyesindikizwa na shangazi yake, katika nchi ile, haolewi na mtu. Anarudishwa mlangoni.

Jumatatu Chausiku akaenda kuchukua cheti. Akakaa juani mpaka mlinzi alipojisikia kumruhusu. Ndani akamkuta Bwana Mtengeti kwenye kiti chake kilichopinda.

"Jina la bwana harusi?"

"Kibwana Mkwizu."

Bwana Mtengeti akabonyeza K. Fanaka akachomoza kutoka kwenye kona yake: "Ulikuwa unataka kuandika FANAKA. Nimeshakusaidia." Printa ikanguruma, cheti kikatoka, na mkono wa Bwana Mtengeti, uliozoea, ukakipiga muhuri kabla macho hayajafika.

Chausiku akakisoma. Akakisoma tena. "Baba, hapa pameandikwa nini?"

"Wapi?"

"Hapa kwenye mume. Mume, Fanaka. Kazi, Mkurugenzi Mkuu. Umri, toleo la tatu. Makazi, kona ya chini kulia."

Bwana Mtengeti akavaa miwani, akasoma, akaivua. "Hongera sana," akasema.

"Hongera ya nini? Futa hapo uandike Kibwana."

"Mwanangu, muhuri umeshapigwa. Kitu kikishapigwa muhuri hakifutwi. Kinakuwa kweli."

"Kwa hiyo mimi nimeolewa na hii?"

Bwana Mtengeti akatazama kompyuta, akashusha sauti. "Usiseme hii. Sema huyu. Ni bosi."

Chausiku alilia, sikufichi. Alilia kuanzia ngazi za ofisi mpaka kwenye kibanda cha Kibwana, na watu wa sokoni wakadhani kafiwa. Kibwana aliposikia habari hakusema sawa. Aliketi chini kando ya baiskeli ya mtu, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mimi utanifanya nani?"

Hilo swali lilimkausha Chausiku machozi. Akajifuta uso kwa kanga. "Wewe ndiye mume wangu," akamwambia. "Huyo atatoka."

* * *

Kumtoa Fanaka kulikabidhiwa kwa Fundi Machupa, fundi mkuu wa kompyuta wa nchi nzima, aliyesomea nje. Fundi Machupa alifika na begi kubwa, akaizunguka kompyuta, akaigusa ubavuni kama anayenunua mbuzi. Kisha akaizima. Tukasubiri. Akaiwasha.

Fanaka akatokea kwenye kona: "Nimepumzika kidogo. Asante."

Fundi Machupa akasema hiyo ndiyo njia ya kimataifa, na ikishindikana inarudiwa. Akairudia. Fanaka akarudi. Akamburuta kwa kipanya kipya mpaka kwenye picha ya pipa la taka, akamtumbukiza. Fanaka akatoka kwenye pipa amebadilisha tai. Akamfunika kwa karatasi na gundi juu ya kioo; akahamia kona ya kushoto.

Hatimaye, nadhani kwa bahati, Fundi Machupa akafungua mahali ambapo programu zote zimepangwa majina, na mbele ya jina la Fanaka palikuwa na kitufe: ONDOA. Sote tukashusha pumzi. Akakibonyeza. Kompyuta ikauliza:

"Je, una uhakika?"

Chini yake vitufe viwili. NDIYO, na BAADAYE.

Hapo ndipo shughuli za serikali ziliposimama. Nieleze kidogo, kwa faida ya wageni. Katika nchi ile mtumishi wa umma haruhusiwi kuwa na uhakika. Mtumishi analifanyia kazi jambo. Analifuatilia. Analichukua kama lilivyo na kulifikisha panapohusika. Aliwahi kutokea mtumishi mmoja aliyekuwa na uhakika, miaka ya nyuma, na chumba alichokuwa anakalia sasa kinahifadhi mafagio.

Fundi Machupa akaondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimemng'ata. "Mimi ni fundi," akasema. "Uhakika si idara yangu."

Wote tukamgeukia Bwana Mtengeti. "Mimi nakaimu," akasema. "Mtu anayekaimu hawezi kuwa na uhakika. Atakuwa ameupata lini?"

Chausiku, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Nipisheni nibonyeze mimi." Tukamzuia. Mwananchi wa kawaida kugusa kompyuta ya serikali ni kosa kubwa, hasa akiwa anajua anachotaka.

Akapigiwa simu Mheshimiwa Sangwene. Tulimsikia wote, maana simu yake haijui kunong'ona. "Mmejiridhisha?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Jiridhisheni. Mkisharidhika nijulisheni. Ila msiseme mlinijulisha."

Bwana Mtengeti akafumba macho na kubonyeza BAADAYE. Fanaka akatabasamu: "Asante kwa kuniamini." Dirisha la vyeti likafungwa nchi nzima, asije akaongeza mke wa pili.

* * *

Aliyeshindwa kumwondoa mumewe ofisini amebakiwa na njia moja, kumwacha. Chausiku akapelekwa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mwenyekiti wake ni Bi Semeni, mama mnene mwenye huruma, ambaye hajawahi kuruhusu ndoa ivunjike tangu akalie kiti hicho. Sheria inataka pande zote mbili zifike. Basi kompyuta ikabebwa na meza yake, ikapandishwa kwenye mkokoteni, ikaletwa na kuwekwa upande wa wanaume.

"Haya mwanangu," Bi Semeni akaanza, "mume wako anakupiga?"

"Hapana."

"Anakunywa?"

"Hana mdomo, mama."

"Nimekuuliza anakunywa?"

"Hapana."

"Analala nje?"

"Halali kabisa. Yuko pale pale."

"Anakutukana? Anakufokea? Mama yake anakuingilia?"

"Hana mama. Mama, hii ni kompyuta."

Wajumbe wakatazamana. Mjumbe mmoja, aliyekaa kwenye ndoa muda mrefu, akainama na kuuliza taratibu kama Fanaka ana kaka yake. Kisha wakamgeukia mume.

"Na wewe baba, unampenda mke wako?"

Kwenye kioo yakatokea maandishi: "Je, ungependa nikukumbushe baadaye?"

"Anampenda," Bi Semeni akaamua. "Ila ana kazi nyingi, kama wanaume wote wenye vyeo. Nendeni mkavumiliane."

Hiyo ilikuwa Alhamisi mchana. Nyumbani Shangazi Tausi alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi, moja moja, polepole, ili watu waone. Chausiku akatoka barazani akiwa hajui aende kulia au kushoto. Na hapo, mbele ya macho yangu, mlinzi wa Ofisi ya Vyeti, yule yule aliyemwanika juani Jumatatu, aliyekuja kusukuma mkokoteni, mzee wa umri wa baba yake, akabana miguu na kumpigia saluti.

"Shikamoo, Mama Mkurugenzi."

Chausiku akasimama. "Umesema?"

"Shikamoo, Mama." Akatokea mtu na mwavuli, akamkinga jua. Akatokea mwingine na kiti. Bwana Mtengeti, aliyekuja na kompyuta, akampokea pochi, akaishika kwa mikono yote miwili kama anabeba mtoto mchanga, akamuuliza Mama angependa kupitia njia gani kurudi nyumbani, ili njia ifagiliwe.

Nilimwona akiwatazama mmoja mmoja. Nikaona jambo linamwingia kichwani. Maana kuna kitu ambacho kila mtu katika nchi ile anakijua, japo hakijaandikwa popote. Agizo la Mkurugenzi linaweza kucheleweshwa, likaundiwa kamati, likasahaulika. Agizo la mke wa Mkurugenzi halicheleweshwi. Walimu wamehamishwa kwa neno moja la Mama. Barabara imepindishwa ipite mbele ya saluni ya Mama. Na hajawahi kutokea mtumishi hata mmoja aliyemuuliza Mama kama ana uhakika.

Chausiku akachukua pochi yake, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha baiskeli. "Kesho nampigia simu Bwana Mtengeti," akamwambia Kibwana.

"Sawa," akasema Kibwana, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

* * *

Ijumaa asubuhi nilikuwa Ofisi ya Vyeti kusherehesha upimaji wa mapazia mapya. Simu ya mezani ikalia. Bwana Mtengeti akaipokea, na hata kabla hajaiweka sikioni sote tukajua ni nani.

"Nani mwenzangu?"

"Kaimu, Mama. Shikamoo."

"Mume wangu amekula?"

"Nani, Mama?"

"Mume wangu nani tena, nina wangapi? Tangu mumpe hicho cheo sijamwona nyumbani. Mashangazi wamekuja mpaka wanataka kuondoka, ameshawasalimia? Hiyo ni kazi gani isiyo na nyumbani?"

"Mama, tulikuwa tunalifanyia..."

"Sikukuuliza. Namtaka mume wangu atoke hapo ofisini sasa hivi. Atoke na kila kilicho chake, kisibaki hata kimoja. Nikija nikakuta kimebaki, mimi na wewe."

Simu ikakatwa. Bwana Mtengeti aliketi na jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Halafu uso wake ukaanza kung'aa, taratibu, na nikaona ni furaha. "Mama kaagiza," akasema.

"Mama kaagiza?" akauliza Fundi Machupa.

"Kaagiza."

Fundi Machupa akavuta kiti. ONDOA. Je, una uhakika? "Mama anao," akasema Fundi, na akabonyeza NDIYO kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Haikuchukua muda hata wa kumeza mate. Ikaondoka tai, ukaondoka uso, tabasamu likabaki kidogo kwenye kona halafu nalo likaondoka. Kila alichokiandika kikaondoka naye, kama Mama alivyotaka. Na samaki pia, maana walikuja pamoja. Bwana Mtengeti alimsindikiza samaki wa mwisho kwa kidole mpaka ukingoni mwa kioo, na akatoa leso.

Jina la Kibwana Mkwizu likaandikwa herufi moja moja, sote tumesimama nyuma ya kiti tumebana pumzi. Cheti kikatoka safi. Chausiku alipofika na kukishika alikibusu, akambusu na Bwana Mtengeti kwenye kipara, na huyo mbio kwenda kumwambia Shangazi Tausi afungue begi.

Mwanasheria wa ofisi alibaki na jambo lake la kusema, kama kawaida yao. Alisema cheti cha kwanza kilikuwa na muhuri, kwa hiyo Mama alikuwa Mama kihalali, na u-Mama haufutwi. Kilichotokea ni kwamba nafasi ya mume wa Mama ilikuwa wazi, na sasa imejazwa. Nilitangaza maneno hayo kwenye kipaza sauti, watu wakapiga makofi, na hakuna aliyeyatafakari. Harufu ya pilau ilikuwa imeshaanza kufika mpaka mjini.

* * *

Harusi ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizosherehesha. Chausiku alisindikizwa na mashangazi wote, Shangazi Tausi mbele, anapiga vigelegele hadi meno ya bandia yanacheza. Kibwana alimwona mkewe anaingia akasahau hata kupiga hatua. Mheshimiwa Sangwene alikuwa mgeni rasmi, na akasema kwenye hotuba yake kwamba yeye tangu mwanzo hakumwamini yule Fanaka.

Jumatatu asubuhi gari jeusi likasimama nje kwa maharusi. Dereva akashuka, akafungua mlango wa nyuma.

"Tumemfuata Mkurugenzi."

"Mkurugenzi gani?" akauliza Chausiku.

"Mume wa Mama."

Chausiku akacheka mpaka akashika ukuta. Kibwana alikuwa bado na mafuta ya baiskeli kwenye kucha. "Nenda ukawaambie wamekosea," akamwambia mumewe. "Urudi mchana, nimekuwekea samaki wa nazi."

"Sawa," akasema Kibwana, akaingia.

Msimlaumu haraka, mimi nilikuwepo. Kibwana alikwenda kweli kuwaambia wamekosea. Ila alipofika, mlinzi akampigia saluti. Mlango ukafunguliwa bila yeye kuugusa. Bwana Mtengeti akamsogezea kiti kikubwa, na kiti kilipozunguka, Kibwana akaishika mikono ya kiti kwa hofu, halafu akakizungusha tena kidogo, mwenyewe. Ikaletwa chai. Akasema kitu, sikumbuki nini, labda alisema chai ya moto, na watu wanane wakakiandika. Mtu ambaye maisha yake yote neno lake halijawahi kuandikwa.

Mchana hakurudi. Jioni alirudi amevaa tai. Alipoketi kula aliwatazama mkewe na mashangazi, akakohoa, akaanza, "Ndugu zangu, kama mnavyofahamu," na hakuna aliyekuwa anafahamu.

Kesho yake aliwahi kuondoka. Chausiku alivumilia, akavumilia, mwisho akashika simu. Akaagiza kwa ile sauti yake kwamba mume wake atoke ofisini arudi nyumbani, sasa hivi. Karani akamjibu kwa adabu zote kwamba ujumbe umefika, na Mkurugenzi amesema analifanyia kazi. Akamtafuta Fundi Machupa. Fundi akachungulia kupitia kioo cha mlango, akamtazama Kibwana alivyokaa, mikono juu ya meza, akarudi anatikisa kichwa. "Huyu mimi simuwezi, Mama," akasema. "Yule alikuwa wa kwenye kompyuta tu."

Basi akaja mwenyewe. Alikuja amevaa ile kanga aliyovishwa siku ya harusi, akaambiwa Mkurugenzi yuko kwenye kikao, akakaa kwenye benchi pamoja na watu wengine waliokuja kufuatilia vyeti. Akasubiri zamu yake kama wao. Walipomwita, akaingia, akasimama mbele ya meza ile kubwa.

Kibwana alikuwa anasaini. Alimaliza kusaini, akafunika kalamu, akainua macho.

"Karibu, mama," akasema. "Una shida gani?"